Madalali wa magari Chuga, hizi Benz mnazozijaza upepo ndio mteja aje aone zitatuua

Wakuu, nina hasira na sitapunguza neno. Nimenunua Benz E320 ya 2004, ile W211 ya macho manne, namba C, milioni 15 taslimu kwa dalali mmoja hapahapa Arusha. Maneno yake haya: "Bosi hii ilikuwa ya mzungu wa mahakama, haijawahi kuguswa nati." Mahakama yenyewe, ile ya UN ya kesi za mauaji ya Rwanda iliyokuwa hapa Arusha, ilifungwa 2015 lakini mji huu mpaka leo kila gari ya kifahari ilikuwa ya jaji.

Gari yenyewe naipa haki yake. Ukifunga mlango kelele za bodaboda za Kilombero zote zinabaki nje, kiti kinakukumbatia, injini ni V6 ya lita 3.2 ile M112 na hiyo sina ugomvi nayo kabisa, ukikanyaga njia nne ya kwenda Tengeru inaondoka kimyakimya huku mnaongea ndani kama mko sebuleni. Wese inakunywa, hilo nilijua. Na gari ya miaka 20 lazima ichoke, bei yake ndio maana iko pale, maana ukisema uagize mwenyewe gari ya zaidi ya miaka 10 TRA wanakupiga na ushuru wa uchakavu juu. Kinachoniuma ni kufichwa.

Asubuhi natoka ndani hapa Njiro nakuta mbele kushoto imelala, fenda imekalia tairi hata kidole hakipiti. Nawasha, dashibodi inaandika kwa wekundu gari iko chini mno nisiendeshe, kompresa inaunguruma huko mbele weee ndio inyanyuke. Hii ina shokapu za upepo badala ya springi, zinaitwa Airmatic. Fundi mmoja akamwagia maji ya sabuni, povu likaanza kuchemka palepale kwenye mikunjo ya mpira, mpira umepasukapasuka wote. Na upepo ukivuja kompresa haipumziki, inafanya kazi ya kufidia mpaka nayo inaungua, kwahiyo huombi shokapu tu unaomba na kompresa, na hapa mjini orijino hakuna, agiza Dar au vuka Namanga uende Nairobi. Mafundi wanakwambia toa upepo weka springi za kawaida. Yaani nilipe hela ya Benz halafu niendeshe kitu kinachoruka mashimo kama Noah?

Sasa nimeelewa kwanini kila nilipoenda kuiangalia niliikuta imeshawashwa. "Nilikuwa naipasha tu bosi." Kupasha nini! Ulikuwa unaijaza upepo!

Ila shokapu ni hela, breki ni roho za watu. Hizi W211 za kabla ya 2006 breki zake zinaitwa SBC, ukikanyaga pedeli kompyuta ndio inaamuru pampu isukume breki kwenye magurudumu. Hiyo pampu ina uhai wake, kompyuta inahesabu breki zako zote na hesabu ikifika mwisho inakuwashia taa ubadilishe. Mercedes wenyewe mwaka 2004 waliziita zirudi gereji gari kama 680,000 duniani kwa ajili ya mfumo huohuo. Huku kwetu kuna watu na laptop zao wanairudisha ile hesabu nyuma, taa inazimika, pampu ni ileile iliyochoka, gari inaenda sokoni.

Mimi imenikuta nateremka Tengeru siku ya soko, Jumamosi, watu wamejaa barabarani na mikungu ya ndizi. Taa nyekundu, pedeli ikazama karibu na sakafu. Ikifa hivyo zinabaki breki za mbele peke yake na unazikanyaga kwa nguvu zako zote, nimekanyaga mpaka nimenyanyuka kwenye kiti, imekuja kusimama mbele ya mama mmoja ana mtoto mgongoni. Nyie mliozima ile taa mlijua. Tulipofungua boneti nati za pampu zimechubuka rangi, alama za spana mbichi kabisa, kwenye gari isiyoguswa nati.

Na msije hapa kuniambia ningeenda na fundi. Nilienda na fundi, nimemlipa mimi, kazunguka gari, kaingia chini, kasema "iko poa hii, chukua." Baadaye machalii wa pale kijiweni ndio wananiambia alikuwa na cha juu chake kwa dalali. Fundi wangu mwenyewe! Nikampigia dalali, jibu lake: "gari za zamani ndio zilivyo bosi, mimi dalali tu, mtafute mwenye gari." Mwenye gari hapokei simu.

Nataka hela ya pampu na shokapu, na polisi nitaenda. Wewe unayetafuta Benz kama hii, mwambie muuzaji gari ilale imezimwa, fika saa 12 asubuhi bila taarifa, shika boneti. Ikiwa ya moto ondoka, usisikilize stori. Akikataa ondoka.

Mwenye fundi anayezijua SBC kweli, awe Arusha au Moshi, mwenye mashine kamili ya Benz na sio wa kufuta taa, aniunganishe. Gari haitoki getini mpaka pampu nyingine ipatikane.