Hao hawana hata macho, wewe unawatazama nini?

Wanajamvi, nawasalimu. Nimeingia hotelini Turpan, huku Xinjiang, sasa hivi, viatu sijavua, na ninaandika kabla hasira haijapoa. Jina la mwongozaji wetu silitaji, kwa kuwa kila Mswahili aliyewahi kulipia safari ya pamoja huku China anamjua kwa ile kofia yake, kwa kipaza sauti chake na kwa ile "twendeni, twendeni" yake.

Nimekaa kwenye treni kutwa nzima kutoka Lanzhou ili nione Bezeklik, mapango 77 yaliyochimbwa kwenye genge la bonde katika Milima ya Moto, ambayo Wabuddha wa mji wa Gaochang waliyapamba kwa michoro karne baada ya karne. Yanayofunguliwa kwa wageni ni machache, kwa hiyo nilijiapiza kwamba hayo machache nitayatazama mpaka nishibe. Nikaingia la kwanza. Macho yalipozoea giza, ukutani zikaanza kujitokeza safu za Mabuddha wadogo wadogo, majoho yao mekundu yamefifia yakawa rangi ya matofali, na kila uso umechokolewa macho kwa kitu chenye ncha, pamebaki udongo mtupu wenye vipande vya majani makavu. Nikasimama. Hapo ndipo mheshimiwa alipokuja nyuma yangu na kutangaza kwa kipaza sauti, ndani ya pango, mbele ya watalii wa kila taifa: "Dada yangu, hao hawana hata macho, wewe unawatazama nini? Twendeni kwenye zabibu!"

Hawana hata macho! Yalichokolewa, ndugu zangu. Kuta nyingine zilikatwa kwa msumeno na msafara wa mtafiti Mjerumani Albert von Le Coq mwanzoni mwa karne ya 20, zikapelekwa Berlin, na michoro mikubwa kuliko yote, iliyokuwa imegandishwa kwenye kuta za jumba la makumbusho, ikateketea kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Kilichosalia baada ya masaibu yote hayo kinanyimwa dakika kumi na mtu anayewahi zabibu.

Kwenye magofu ya mji wa Gaochang nako kigari cha wageni kilitukimbiza kati ya kuta za udongo kama jeneza linalowahi maghribi. Nikauliza ni wapi alipohubiri Xuanzang, yule mtawa aliyepita hapo karibu na mwaka 630, nikajibiwa kwamba leo hayupo. Mfalme wa Gaochang alikataa kumwachia Xuanzang aende zake, mtawa akagoma kula mpaka akaruhusiwa kuendelea na safari ya India. Mimi nilikuwa tayari kugoma kula ili niruhusiwe kubaki.

Dukani kwa zabibu tulikaa saa tatu. Saa tatu! Na muda wote huo kichwani mwangu linajirudia neno lile lile: hao hawana hata macho.

Mpenda Magofu: Pole sana, dada. Naomba kuuliza jambo moja ambalo mada haikuligusa: hizo zabibu ulinunua kilo ngapi?

Mleta mada: Nne. Hilo halihusiani na mada.

Kijana wa Jiaohe: Mimi huyo huyo aliniacha Jiaohe, magofu mengine ya huko huko Turpan. Mji ule uko juu ya mwinuko wenye umbo la jani, urefu wake unapita kilomita moja na nusu, na sehemu kubwa ya nyumba zake zilichimbwa kwenda chini, kwa hiyo ukiwa uani humwoni aliye barabarani wala yeye hakuoni. Nilipopanda juu, basi lilikwisha kuondoka. Nilipompigia, aliniambia nije taratibu tu.

Saa Mbovu: Ninyi mnalia na pango na basi, mimi nalia na saa. Alitutangazia tukutane saa mbili asubuhi. Saa rasmi ya nchi nzima ni ya Beijing, lakini wenyeji wengi wa Xinjiang wana yao, iliyo nyuma kwa saa mbili. Dereva akafika saa nne ya Beijing akidai amewahi, na mwenzetu wa Tanga, aliyeisoma saa mbili kwenye simu kama 2:00, alikuwa ameshasimama nje tangu usiku wa manane. Tulifika Milima ya Moto jua likiwa utosini.

Binti Mogao: Afadhali yenu. Kule Dunhuang, kwenye mapango ya Mogao, nilionyeshwa manane kati ya zaidi ya 700, kwa mwanga wa tochi ya mwongozaji, na kupiga picha ndani ni marufuku. Mama ananiuliza ushahidi uko wapi.

Mpenda Magofu: Huyo wa Tanga hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni anayetangaza saa bila kusema ni ya nani.

Saa Mbovu: Hakukosea vipi, naye alisimama kwenye baridi saa nane za usiku akiwa amebeba mwavuli wa jua?

Mleta mada: Jamani, mada ni macho.

Binti Mogao: Tumekuelewa, dada, na tuko pamoja nawe. Sasa zile za kijani, kilo moja walikuuzia yuan ngapi?