Tukitaka waimbe laivu huku wakicheza, pumzi yao ijengwe na nani?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tamasha kubwa likiisha lawama ni zile zile: msanii ameruka, amekata viuno, maiki anayo mkononi, lakini sauti inayosikika ni ya studio. Tunamwita mvivu, tunadai laivu. Nami nadai laivu pamoja nanyi. Ila naomba leo tuitazame pumzi, kwa sababu pleibeki nyingi inazaliwa pale pumzi inapokata. Hoja yangu ni hii: mnenguaji, au mwimbaji anayecheza, ajijenge stamina kwa muda wake na pesa yake, au kujifua kuhesabiwe kuwa kazi, ndani ya saa zinazolipwa na bendi au menejimenti?

Nasema ni kazi, ilipwe. Tena nasema mazoezi ya nyimbo peke yake, hata yakiwa ya kila siku, hayamjengi mtu pumzi ya shoo.

Anayeimba huvuta hewa kwa haraka na kuitoa polepole mpaka mstari uishe. Anayecheza kwa nguvu analazimika kuhema mfululizo, kwa kuwa misuli inadai oksijeni na damu inataka kutua kaboni dioksaidi. Mambo hayo mawili yanagombania kifua kimoja. Kila mmoja wetu ana kiwango cha kazi ambacho akikivuka hawezi tena kutamka sentensi nzima bila kuikatakata. Mwimbaji akikivuka katikati ya kiitikio, itabidi aache kucheza au aache kuimba. Rapa wa dansi, yule ambaye Wakongo humwita atalaku, ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, maana chemko nzima, ile sehemu ya kasi ya wimbo, anaghani na kucheza kwa wakati mmoja. Kujifua vizuri kunakisukuma kiwango hicho juu. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na stepu zilizokuwa zikimmaliza mtu zinakuwa kazi ya wastani.

Sasa tazameni mazoezi ya bendi yalivyo. Mnacheza nusu dakika, kiongozi anasimamisha, anarekebisha mkono wa mtu wa nyuma, mnarudia, mnasimama tena. Stepu zinakaa, lakini moyo haujapata kazi ya maana. Matthew Wyon wa Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, na wenzake waliwapima wachezaji wa dansi ya kisasa darasani, mazoezini na jukwaani, wakachapisha matokeo mwaka 2004: jukwaani mwili ulitumia oksijeni nyingi kuliko darasani na kuliko mazoezini. Mwaka uliofuata yeye na Emma Redding wakaonyesha kwamba kipindi cha mazoezi hakikuongeza ustahimilivu wa wachezaji. Uliongezeka walipoingia kwenye kipindi cha maonyesho. Yaani shoo zenyewe ndizo zilizowajenga.

Kwa hilo naona ni wapi tulipopoteza pumzi. Zamani bendi ilipiga usiku kadhaa kwa wiki, na kila usiku chemko ilikuwa ndefu. Ratiba ilimjenga mnenguaji bila yeye kujua. Msanii wa leo anaweza kukaa wiki tatu bila kupanda jukwaani, kisha akapewa dakika 20 za kasi tupu mbele ya maelfu. Mtafiti wa Marekani Edward Coyle na wenzake, mwaka 1984, waliwafuatilia wanamichezo walioacha mazoezi. Katika siku 21 za kwanza uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7. Hao walikuwa watu wa mazoezi makali. Je, yule ambaye hakuwahi kujengwa?

Dawa inajulikana. Mwaka 2007 Jan Helgerud na wenzake wa Norway walichapisha mpango wa kukimbia dakika 4 kwa asilimia 90 hadi 95 ya mapigo ya juu kabisa ya moyo, kisha dakika 3 za kulegeza, mara nne, siku 3 kwa wiki. Baada ya wiki 8 uwezo huo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 7.2. Dakika 4 ni chemko fupi tu. Bendi inaweza kufanya hivyo ndani ya ukumbi wake, kwa muziki wake, bila mtu kusimamisha: chemko, kutembea, chemko, kutembea. Siku nyingine mtu akimbie polepole, kwa mwendo unaomwezesha kupiga soga na mwenzake. Na mwimbaji afike mahali aimbe huku anakimbia. Taylor Swift aliliambia jarida la TIME mwaka 2023 kwamba miezi sita kabla ya ziara yake alikuwa kila siku kwenye mashine ya kukimbilia, akiimba nyimbo zote za shoo kwa sauti, za kasi akikimbia, za taratibu akienda mwendo mdogo. Shoo hiyo ilizidi saa tatu. Yeye ana uwezo wa kujilipia. Wa kwetu je?

Karibuni.

MPIGA SOLO MSTAAFU

Mwanangu, hoja yako ina uzito, lakini unawatetea mno hawa vijana. Sisi hatukuwa na watu wa Norway. Tulipiga mpaka majogoo, Jumapili bonanza mchana na usiku ukumbi mwingine. Waimbaji walijipanga mstari mbele, wakaenda hatua pamoja, na sauti zikatoka safi. Kijana wa sasa anakesha na simu, anakula chipsi, halafu anataka meneja amjengee mapafu.

Jambo moja nakuunga mkono, na wengi wamelisahau. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya teksi na usafiri, TTTS, na baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Ukiitwa mazoezini umeitwa kazini. Leo kijana analipwa kwa usiku aliocheza tu, kisha anaambiwa nidhamu. Nidhamu ya mtu asiye na mshahara ni ngumu kuidai, hilo nalikubali.

MNENGUAJI WA ILALA

Shikamoo mzee. Kaka mleta mada, habari. Mimi naongea kama mtu anayepanda jukwaani.

Shoo inaisha saa 9 usiku, nafika nyumbani alfajiri. Hizo mbio nikimbie saa ngapi? Msichana akikimbia peke yake barabarani na taiti anarushiwa maneno mpaka anarudi ndani. Siku ya mazoezi napewa nauli, na siku nyingine hata hiyo nauli haipo. Halafu wapo mabosi wanaotuchagua kwa umbo. Ukipungua kidogo unaambiwa umekwisha. Sasa nikimbie wiki nane halafu nipoteze kazi?

Lingine ni damu. Nilikuwa nahema kuliko wenzangu wote, kiongozi akinisema kila siku kwamba sijitumi. Nilipokwenda kupima nikaambiwa damu ni ndogo. Nilipopewa dawa za kuongeza damu, baada ya muda nikawa namaliza chemko nikiwa nimesimama wima. Hakuna aliyenisema tena, na hakuna aliyeniomba radhi.

MENEJA WA WASANII

Tuongee hela. Promota ananipa dakika 20, mitambo siruhusiwi kuikagua, maiki zinapiga mluzi. Nikimwacha msanii aimbe laivu kwa mitambo hiyo anaaibika yeye, fundi mitambo hajulikani. Pleibeki kwangu ni kinga. Na madansa hawana mkataba na mimi, wanaitwa kwa shoo. Nilipie stamina ya mtu ambaye kesho anacheza nyuma ya mpinzani wangu?

MWALIMU WA DENSI, NAIROBI

Hamjambo ndugu. Mimi hufunza densi huku Nairobi, na nimeona vikundi kutoka Pwani vikifika asubuhi na kucheza jioni. Wanahema vibaya. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hata mtu aliye na mazoezi ataisikia tofauti. Mkileta wachezaji huku, walete siku chache mapema. Nao wa huku wakishuka Mombasa wanapigwa na joto, kwa hivyo wazoeshwe pia. Mwili unahitaji wiki moja au mbili kulizoea joto.

MLETA MADA

Mzee wangu, shikamoo. Umeleta ushahidi mzito kuliko wangu wote. Bendi zilizokuwa na waajiriwa zilikuwa na muda wa kumjenga mtu, na usiku mwingi wa kumpima.

Meneja, kuhusu mitambo sina ubishi, nawe una haki ya kuweka kipengele cha kuikagua kabla hujasaini na promota. Sauti za kuitikia zikitoka kwenye mashine sijali, mradi sauti ya mbele iwe ya mtu aliye hai. Ila hilo la mpinzani silikubali. Klabu ya mpira humlipa mchezaji akiwa mazoezini hata kama msimu ujao atahamia kwa watani. Wewe unamlipa dansa kujifunza stepu zako, na stepu hizo pia ataondoka nazo. Pumzi ina kosa gani?

Dada wa Ilala, naona umeubadilisha mjadala, na ninafurahi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Kumkimbiza mtu ambaye damu yake ni ndogo bila kumpima ni kumtesa, kwa hiyo kipimo cha damu kiwe kitu cha kwanza, kabla ya mbio yoyote, na bendi ilipie. Suala la barabarani na alfajiri linaisha kazi ikifanyika ukumbini, mchana, wote pamoja, wanaume kwa wanawake. Kuhusu umbo, vipindi viwili vifupi kwa wiki havimkaushi mtu anayekula vizuri. Kinachomkausha ni kucheza usiku kucha na kushindia chai. Bosi anayemfukuza mnenguaji kwa kupungua kilo mbili wakati anamaliza shoo bila kuyumba, huyo hajui anachokiuza.

Tahadhari moja niliyoiruka: kumbi nyingi ni zege. Kurukaruka juu ya zege kila siku huumiza mifupa ya miguu, hasa ule wa mbele chini ya goti. Kwa hiyo vipindi vikali visizidi viwili au vitatu kwa wiki, viatu viwe na soli nzuri, na anayeanza kusikia maumivu ahamie kwenye baiskeli au kuogelea mpaka apone. Moyo haujali miguu inafanya nini, unachotaka ni kazi.

Pendekezo langu basi: dakika 40 mara mbili kwa wiki, kabla ya mazoezi ya nyimbo, zikihesabiwa kwenye posho, kwa wiki 8, na wiki ya shoo kubwa zipunguzwe. Kuna bendi imeniambia iko tayari kujaribu. Ratiba sitaki ipangwe na mimi wala meneja. Dada, nyie mnaocheza mngetaka siku gani?

MNENGUAJI WA ILALA

Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni. Wikiendi ya shoo miguu inakuwa bado inauma mpaka Jumatatu, usituguse. Maji yawepo ukumbini. Na hiyo posho itolewe siku hiyo hiyo mkononi, tusiambiwe tusubiri shoo.

MENEJA WA WASANII

Wiki 8 ni nyingi kwangu. Nitaanza na 4, kwa madansa ninaowaita mara kwa mara. Kipimo cha damu nakilipia.