Mwajiri amepeleka Baraza mahakamani kwa sababu lilikubali kusikiliza malalamiko yangu (BC, Kanada). Naomba msaada

Tatu_Surrey

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa na wasiwasi sana kwahiyo mnisamehe nikirukaruka.

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Surrey, British Columbia. Kuanzia Februari 2022 msimamizi wa shifti alianza kunitoa kwenye vyumba fulani, eti kuna familia hazitaki mtu kama mimi awaogeshe wazee wao. Pale chumba cha wafanyakazi kuna ubao mweupe wa ratiba, nikifika asubuhi nakuta jina langu limefutwa kwa kiganja, wino bado umechafuka pale pale, nimeandikwa kufulia. Ikaendelea hivyo hivyo, mara kufulia mara vyombo, mpaka Juni 2023 wakanishusha kutoka shifti tano hadi mbili kwa wiki. Machi 2024 nikapeleka malalamiko Baraza la Haki za Binadamu la jimbo.

Mwajiri akaomba yatupwe, akasema mambo ya 2022 yamepitwa na muda na ya 2023 hayahusiani nayo. Baraza likamkatalia, likasema ni ubaguzi ulioendelea, kesi isikilizwe. Siku hiyo nilimpigia mama Tanga tukalia wote kwenye simu.

Sasa Jumanne jioni nimeloweka maharage, mlango ukagongwa, kijana akanikabidhi bunda la karatasi nene akaondoka. Ni petisheni ya Supreme Court, wanataka uamuzi wa Baraza ufutwe. Mimi nimeandikwa mjibu maombi, Baraza nalo mjibu maombi. Je nimeshtakiwa? Kesi yangu imekufa? Nikishindwa ndo nitalipa mawakili wao? Halafu kuna mwenzangu wa kazini yuko tayari kula kiapo kwamba alikuwa anaona jina likifutwa, nimpeleke huko mahakamani?

mama_zuhura

Pole sana mwanangu. Kwanza kula hayo maharage ulale. Pili angalia bahasha ilifika tarehe ngapi uiandike sasa hivi juu ya karatasi, maana mahakama za huku ni siku tu, siku zikipita hawakuulizi ulikuwa unaumwa au vipi. Wenye kujua sheria wanakuja.

Kibarua_Burnaby

Dada Tatu pole. Nimefanya ofisi ya sheria hapa miaka kadhaa, mimi siyo wakili lakini haya makaratasi nayashika kila siku.

Hujashtakiwa. Hakuna anayekudai. Hayo ni mapitio ya mahakama, yaani mwajiri anamlalamikia mwamuzi, siyo wewe, ila wewe umewekwa humo kwa kuwa uamuzi unakugusa. Jaji hatauliza kama ulibaguliwa. Ataangalia tu kama Baraza lilikuwa na haki kisheria kuyapokea malalamiko yako na kama lilifuata utaratibu wa haki. Na hiyo Supreme Court ya BC jina lisikutishe, juu yake kuna mahakama ya rufani ya jimbo, halafu ile ya juu kabisa iko Ottawa.

La haraka: kama umekabidhiwa ukiwa ndani ya Kanada una siku 21 kujibu kwa Fomu 67. Usiseme "Baraza litanitetea", hapana, Baraza likienda pale kawaida linaleta kumbukumbu za faili na kueleza sheria yake, halisimami upande wako. Na uangalie pia tarehe ya uamuzi wa Baraza na tarehe ya muhuri wa mahakama kwenye petisheni, wao walikuwa na siku 60 tangu uamuzi kutolewa. Wakichelewa wanaweza kuomba waongezewe lakini lazima watoe sababu, na mtu anayelia kwamba wewe ulichelewa halafu na yeye amechelewa, jaji ataliona hilo.

Sasa hoja yenyewe. Sheria ya BC inasema malalamiko yapelekwe ndani ya mwaka 1 (zamani ilikuwa miezi 6, ikabadilishwa 2018), lakini kama ubaguzi unaendelea mwaka unahesabiwa kutoka tukio la mwisho. Wewe la mwisho Juni 2023, umepeleka Machi 2024, uko ndani. Kwahiyo vita yote ni kama yale ya ubaoni na kupunguziwa shifti ni kamba moja au vipande viwili. Hapa nikuambie ukweli, kwenye swali la sheria kama hili jaji wa BC anaweza kuangalia mwenyewe kama Baraza lilipatia, haliachii tu. Lakini kwenye ukweli wa matukio, nani alifanya nini, lazima pasiwe na ushahidi kabisa au uamuzi uwe hauna mantiki ndo aguse. Na hata wakishinda hoja hiyo, mara nyingi faili linarudishwa Barazani likaamuliwe upya, na Baraza lina mamlaka ya kupokea hata malalamiko yaliyochelewa kama ni kwa maslahi ya umma na upande wa pili hautaumia sana. Kwahiyo kesi haijafa hata kwa hilo.

Gharama: Barazani kwa kawaida hakuna kulipana isipokuwa mtu akifanya utovu. Mahakamani ni tofauti, aliyeshindwa anaweza kuamriwa alipe sehemu ya gharama za mwenzie. Siyo bili yote ya mawakili wao, na jaji anaweza kuamua kila mtu abebe zake, lakini usiende ukidhani ni bure.

Na petisheni peke yake haisimamishi kesi Barazani. Wakitaka isimame lazima waombe. Wakiomba, pinga.

wakili_msomi_Dsm

Naingilia kutoka Dar kwa sababu hili jambo linaniuma hata huku kwetu. Ni pingamizi la awali hilo hilo tunalolijua sisi, limevaa koti la baridi. Kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mpaka leo kila wakili kijana Tanzania, Kenya na Uganda anaikariri: pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, ukishahitaji kuita watu waje kuthibitisha mambo basi siyo pingamizi tena, sikiliza kesi. Dada yetu, kama mawakili wao wanabishana ni nani alifuta ubao na kwa nini, hiyo siyo hoja ya muda, hiyo ni kesi yenyewe na mahali pake ni Barazani. Sheria ya Kanada wenzangu mnaijua zaidi, lakini hata huko nasikia mahakama zimebadilika kwenye hili?

Kibarua_Burnaby

Zimebadilika sana ndugu wakili, na historia yake inafaa Tatu aijue kwa sababu inamhusu moja kwa moja.

Kulikuwa na kesi ya Bell, Ontario, iliamuliwa 1971. Kijana mweusi kutoka Jamaica alienda kupanga ghorofa za juu kwenye nyumba Toronto, mwenye nyumba akakataa. Malalamiko yakapelekwa, bodi ya uchunguzi ikateuliwa, na kabla haijasikiliza mtu mwenye nyumba akakimbilia mahakamani akisema pale si makazi yanayojitegemea kwahiyo sheria haihusiki. Mahakama ya Juu ya Kanada, ile ya Ottawa, ikakubali, bodi ikazuiwa. Yule kijana hakupata hata siku moja ya kusimulia kilichompata pale mlangoni. Miaka 40 waajiri na wenye nyumba wakawa wanaitumia kesi hiyo kukata malalamiko njiani.

Halafu 2012 ikaja ya Halifax. Mzazi mmoja wa jamii ya Waakadia, wale wanaozungumza Kifaransa kule Nova Scotia, alilalamika kwamba shule za watoto wao hazipati ile pesa ya ziada ambayo manispaa inawapa wengine. Manispaa ikataka bodi isimamishwe kabla ya kusikiliza. Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikasema hapana, na ikasema wazi kwamba Bell isifuatwe tena. Ikasema mahakama ijizuie kuingilia mapema, iache chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo kikusanye ushahidi kwanza. Yule wa Toronto alishachelewa kufaidi, lakini wewe Tatu hujachelewa. Mwambie atakayekuandikia majibu aiweke hiyo mbele.

Mzee_wa_Regina

Mimi nitasema kinyume kidogo. Haki kuipata baada ya miaka mitano ni mzigo. BC foleni ya Baraza ni ya miaka, ongeza na mahakama. Kubali suluhu dada, chukua kitu endelea na maisha.

mama_zuhura

Mzee kwa heshima, huo ndo mchezo wenyewe. Wanakuchosha mpaka uombe suluhu mwenyewe. Suluhu ni nzuri ukienda umesimama. Sasa hivi uamuzi uko upande wake, akienda leo kuomba amani watampa nauli ya basi.

Kibarua_Burnaby

Wote mna pointi. Mlango wa usuluhishi Barazani uko wazi muda wote. Ila na wao hiyo foleni wanaitumia, wakishindwa hoja ya muda wanaweza kuja na hoja ya ucheleweshaji. Hilo lilishajaribiwa hapa hapa BC na Robin Blencoe, waziri wa zamani aliyelalamikiwa kwa unyanyasaji wa kijinsia. Alisema miezi 30 hivi ya kusubiri imemharibia maisha, mahakama ya rufani ikamkubalia, lakini 2000 Mahakama ya Juu ya Kanada ikatengua hilo, malalamiko yakaruhusiwa kuendelea, majaji 5 kwa 4. Kuchelewa peke yake hakutoshi kufuta malalamiko, lazima waonyeshe madhara mazito. Wewe usiwape sababu, jibu kila barua ya Baraza kwa wakati.

Tatu_Surrey

Jamani asanteni, nimepumua. Bahasha nimeipata tarehe 4, nimehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani nimezungushia wino mwekundu. Sina hela ya wakili kusema kweli. Na swali la mwenzangu halijajibiwa, anaogopa akikaa sana atabadilisha mawazo.

Kibarua_Burnaby

Samahani hilo nililiruka. Wakili: piga simu CLAS, shirika la msaada wa kisheria hapa Vancouver, ndo wanaoendesha BC Human Rights Clinic, kliniki ya kusaidia wenye malalamiko ya haki za binadamu, na wana watu wanaoshughulika na mapitio ya mahakama. Piga kesho asubuhi, siyo siku ya 19. Hata wasipokuchukua watakuelekeza namna ya kujaza Fomu 67.

Mwenzako usimpeleke mahakamani. Jaji wa mapitio anasoma yale yaliyokuwa mbele ya Baraza siku lilipoamua, ushahidi mpya kwa kawaida haupokelewi, utamchosha bure. Yeye ni wa siku ya kusikilizwa. Ila aandike sasa, kwa mkono wake, lugha yoyote anayoandika vizuri: aliona nini, ubao ulikuwa wapi, nani alikuwa ameshika kalamu, siku gani anazozikumbuka. Atie tarehe ya leo na sahihi, akae nayo yeye. Akiogopa kufukuzwa mwambie sheria ya BC inakataza kulipiza kisasi kwa mtu anayetoa ushahidi au kusaidia malalamiko, kifungu cha 43. Na kama una picha ya ule ubao kwenye simu, hata moja, usiifute na usiikate pembeni, ihifadhi kama ilivyo.

Tatu_Surrey

Ninazo tatu. Moja inaonyesha saa ya ukutani.