Nimweleze vipi mtoto wa miaka 5 jinsi sumaku inavyofanya kazi?

Mzazi: Binti yangu alichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, akaona inanasa misumari lakini hainasi sufuria, na sasa kila jioni ananiuliza kama ina gundi. Nimjibu nini bila kumdanganya?

Mwalimu wa sayansi: Mwambie kwamba ndani ya chuma mna visumaku vidogo mno visivyoonekana, ambavyo kwa kawaida vimeelekea huku na huko kama watoto wakati wa mapumziko, sumaku ikikaribia, vinajipanga kama mstarini asubuhi, na msumari wenyewe unageuka sumaku kwa muda. Ndiyo maana msumari ulionaswa hunasa mwingine. Sufuria yenu, bila shaka, ni ya alumini, ambayo haina mpangilio huo.

Fundi redio: Nakubaliana na mwalimu, ila kwa umri huo vitendo vitangulie maneno. Mpe sumaku mbili azikutanishe kwa ncha zinazofanana, asikie mikononi zinavyosukumana kabla ya kugusana, gundi haisukumi. Zile ndogo za duara usimpe kabisa, kwani akimeza mbili zinaweza kuvutana tumboni na kuutoboa utumbo.

Mzazi: Ahsanteni. Tumejaribu jana, naye gundi ameiacha. Sasa anauliza ni nani anayesukuma.