Dawa ipi ya mshipa inafaa kumlaza farasi dume anayehasiwa shambani?

Daktari wa Naivasha
Madaktari wenzangu, habari zenu. Nimeombwa kumhasi farasi dume wa miaka minne, mwenye uzito wa kilo 400 hivi, katika shamba lililo mbali na kliniki, pasipo mashine ya gesi ya usingizi wala oksijeni. Ninazo zailazini na daiazepamu za kutuliza, ketamini na thiopentali za kulaza usingizi, na propofoli, nayo ya usingizi, inapatikana mjini. Wagonjwa wangu wa kila siku ni ng'ombe na mbwa. Mngechagua ipi? Ninachohofia zaidi si kulala kwake bali kuinuka kwake.

Mzee wa Mazizi
Chagua ketamini, ila isitangulie kamwe. Anza na zailazini, miligramu 1.1 kwa kila kilo, usubiri takribani dakika tano hadi kichwa kiiname na farasi asijali akiguswa, ndipo umpe ketamini miligramu 2.2 kwa kilo pamoja na daiazepamu miligramu 0.05 kwa kilo ili misuli ilegee. Akipewa ketamini kabla ya kutulia, hukakamaa, huchachawa na anaweza kupatwa na degedege. Utapata dakika 15 hadi 20 za kazi, na zikipungua, mwongeze theluthi au nusu ya dozi ya zailazini na ketamini.

Mkunga wa Wanyama
Naafiki. Thiopentali humlaza farasi haraka, lakini ikivuja nje ya mshipa huua nyama na ngozi, kwa hiyo isitolewe bila katheta (mrija mwembamba wa mshipani) iliyokaa imara. Tena dozi zikirudiwa hujilimbikiza mwilini na farasi huinuka akiyumba. Propofoli humwamsha vizuri. Hata hivyo, kwa miligramu 2 kwa kilo, farasi wako angehitaji mililita 80 za dawa ya asilimia moja, ilhali ketamini ya miligramu 100 kwa mililita haifiki mililita 9. Isitoshe, propofoli hudhoofisha pumzi, nami singeithubutu pasipo oksijeni.

Mzee wa Mazizi
Kuhusu kuinuka, hofu yako ni ya haki. Katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha farasi zaidi ya 40,000 waliolazwa kwa dawa za usingizi, takribani asilimia 0.9 ya wasiokuwa na ugonjwa wa tumbo walikufa, na kuvunjika mifupa wakati wa kuzinduka kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Waliopewa dawa za mshipa pekee walikufa kwa uchache zaidi, ingawa operesheni za namna hiyo aghalabu huwa fupi. Mlaze penye nyasi tambarare, mvue hatamu yenye vyuma isije ikabana neva ya uso, mfunike macho, mzibe masikio kwa pamba, na mtu yeyote asimhimize asimame.

Daktari wa Naivasha
Nashukuru sana, nitatumia ketamini. Mwenye shamba ana punda dume pia. Je, utaratibu ni huohuo?

Mkunga wa Wanyama
Mpangilio ni huo, lakini mwili wa punda huiondoa ketamini upesi kuliko wa farasi, kwa hiyo uwe na sindano ya nyongeza mkononi kabla hujaanza kukata.