Nataka msitu wa Amboni, Tanga, pango sitaki. Inawezekana?

Fundi wa Ngamiani:
Shikamooni wakubwa. Mimi fundi cherehani, kibaraza changu kipo Ngamiani. Kushoto muuza simu na spika yake, kulia kijiwe cha bodaboda, na cherehani nayo haijui kunyamaza. Jumanne sifungui. Natafuta mahali penye miti nikae saa mbili tatu, basi. Bustani ya karibu na bandari nimejaribu, vijana nao wanakuja na spika zao! Nikakumbuka Amboni, kule kwenye mapango. Tulipelekwa darasa la sita. Mwalimu akatuingiza pangoni, giza, popo, mwenzetu mmoja akakwama kwenye uchochoro akalia mpaka akavutwa miguu. Lakini kilichonikaa moyoni ni ile miti ya nje na mto. Naweza kwenda kwa ajili ya miti tu?

Binti Kiomoni:
Unaweza, kaka. Panda gari za njia ya Horohoro, ukishuka chukua boda mpaka getini. Kiingilio utalipa hata kama pangoni huingii. Beba kitambulisho, bei ya raia si ya mgeni. Jumanne umechagua vizuri. Wikiendi wanafunzi wanajaa. Na mto Mkulumuzi usiteremke kunawa kabla hujauliza wenyeji.

Babu wa Makorora:
Mwanangu, miti ile imepona kwa sababu ya mawe. Chokaa tupu, iliyokuwa chini ya bahari enzi za Jurasi, zama za dinosaria, mashimo kila mahali. Nani angekata miti apande mkonge pale? Halafu kuna mizimu. Watu wanaingia na ubani wao mpaka leo. Waingereza waliyahifadhi mapango mwaka 1922, lakini mizimu ilishatangulia. Nenda, ila usipige mluzi.

Fundi wa Ngamiani:
Nimerudi. Muongozaji kaniuliza mara tatu, "Pangoni huingii kweli?" Nikakaa chini ya mti ambao mizizi yake imeteremka juu ya jiwe kama uzi uliofumuka kwenye bobini. Mwanzoni, wallahi, masikio yalikuwa bado yanasikia cherehani. Kidogo kidogo nikasikia maji, kisha majani makavu yanachakarika: kenge, urefu wa meza yangu ya kukatia, kapita hata hakunitazama. Juu kima wanadondosha maganda ya matunda, moja likanipata begani.

Babu, mluzi sikupiga. Ila nimepiga chafya mbili, sijui kama nazo zinahesabiwa.