Naomba ushauri: heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916, ni shaba nyekundu au ya njano?

Kijana wa Gongoni
Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninayo sarafu ya heller 20 (heller ni senti za rupia ya Mjerumani) iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ambayo marehemu babu, aliyekuwa mtumishi wa reli, aliitunza ndani ya kibweta pamoja na vyeti vyake. Rangi yake ni nyekundu na taji linaonekana vizuri, ila upande wa pili kuna sehemu bapa karibu na ukingo. Naomba mnisaidie kujua ni aina ipi na iko katika daraja gani la ubora, kwa kuwa nimesoma kwamba za shaba nyekundu ni chache kuliko za njano. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa, na kwa kweli sipati usingizi.

Mzee wa Kale
Marahaba kijana. Mwaka huo meli za kivita za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika, ndipo Wajerumani wakapiga za kwao Tabora: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, mpaka Wabelgiji walipouteka mji mwezi Septemba. Mihuri ya kupigia ilitengenezwa hapohapo, kwa hiyo haikulingana.

Anza na taji, kwani lipo kubwa na lipo dogo. Kisha geuza uzitazame kwa lenzi L mbili za neno HELLER. Katika muhuri mmoja ni L ya pili tu ambayo ncha yake imejikunja. Katika mwingine L zote zina ncha zilizochongoka. Na katika wa tatu zote mbili zimejikunja. Muungano wa taji na L ndio unaotoa aina.

Kuhusu sehemu bapa, usikimbilie kusema sarafu imechakaa. Vipande vya shaba havikuwa na unene mmoja, na mara nyingi muhuri haukubana sawasawa. Palipolika kwa mikono huwa laini, na maumbo ya jirani nayo huwa yamefifia. Palipokosa kubanwa hubaki na ngozi ya kipande chenyewe, pamoja na mikwaruzo yake ya awali, huku herufi za pembeni zikiwa zimesimama na kingo kali. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba nusu ya daraja.

Bint Ujiji
Mimi ningeuliza kwanza kama shangazi na baba wadogo wanajua kwamba inataka kuuzwa. Kitu cha marehemu kina wenyewe, hata kikiwa kidogo kama kifungo cha koti.

Mpenda Haki
Mjomba wangu aliuza ng'ombe akawapa madalali fedha yote kwa ajili ya rupia ya Mjerumani, ambayo waliapa kwamba inavuta punje za mchele. Mpaka leo haijaonekana, si rupia wala dalali. Tangu hapo, nikisikia sarafu ya Mjerumani na mnunuzi mwenye haraka, nasimama mbali.

Mzee wa Kale
Kijana, hujatuambia uzito, hujatuambia kama imewahi kusafishwa, wala kwa nini iwe Ijumaa. Bila hayo tunabahatisha.

Kijana wa Gongoni
Uzito ni gramu 11.2. Kuhusu kusafisha, niliiloweka usiku kucha katika maji ya ndimu na chumvi, kwa sababu ilikuwa na weusi na herufi hazikusomeka, na sioni ubaya wa kutaka herufi zisomeke. Ijumaa ni kwa sababu yupo mtu ameshatoa arbuni ya shilingi laki tatu baada ya kuiona. Hakuna aliyemlazimisha, aliishika mwenyewe na kusema ni shaba nyekundu.

Fundi Vyuma
Basi hapo ndipo penye jambo. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ndimu na chumvi zikikaa juu yake kwa muda mrefu, zinki ya juu huliwa kwanza, na uso unaobaki huwa mwekundu ingawa ndani ni njano vilevile. Usiikwangue ukingo ili kuhakikisha. Nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, uifunge kwa uzi mwembamba, uipime hewani, kisha uipime ikiwa inaning'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Gawanya uzito wa hewani kwa kiasi kilichopungua. Shaba tupu hutoa karibu 8.9, na ya njano hutoa karibu 8.5.

Mpenda Haki
Naomba niseme wazi kwamba hadithi hii naiona imetungwa. Babu wa reli, kibweta, mnunuzi wa Ijumaa: ni mpangilio uleule wa madalali, na mjadala huu kesho utaonyeshwa kwa mnunuzi kama ushahidi. Sarafu iliyotunzwa pamoja na vyeti ingepataje weusi wa kuficha herufi?

Kijana wa Gongoni
Kibweta kilikaa chini ya paa linalovuja, na vyeti vyenyewe vimeshikana kama mkate. Sina sababu ya kuwadanganya.

Mzee wa Kale
Tuache kibweta. Maji na mizani havijui babu wala dalali. Nenda kapime.

Kijana wa Gongoni
Nimetoka kwa sonara. Hewani ni gramu 11.20, na ndani ya maji imepungua gramu 1.32. Taji ni kubwa. L ya kwanza ina ncha ya kawaida, na ya pili imejikunja.

Fundi Vyuma
Hiyo ni 8.48. Ni shaba ya njano.

Mzee wa Kale
Taji kubwa, L ya pili yenye mkunjo, shaba ya njano. Ni sarafu halisi ya kupendeza, lakini siyo ile uliyoiota. Kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu hutumia kipimo cha 1 hadi 70, ila iliyosafishwa kwa asidi huelezwa hali ya maumbo yake tu, bila kupewa namba. Usiipake mafuta, wala usijaribu kuirudishia weusi.

Kijana wa Gongoni
Nimesikia. Lakini bei tulishakubaliana, na yeye ndiye aliyeitaja shaba nyekundu kwa kinywa chake.

Bint Ujiji
Aliiona nyekundu kwa sababu ya ndimu yako. Mtumie vipimo vya sonara leo, kabla ya Ijumaa, achague mwenyewe kuendelea au kurudishiwa arbuni yake.

Kijana wa Gongoni
Nitamtumia, ingawa naamini bado ataitaka. Na shangazi nimempigia simu. Amesema nisubiri mpaka aje.

Mpenda Haki
Weka hapa picha ya hizo L mbili, mwanga ukitokea ubavuni, nami nikiuona mkunjo nitafuta nilichoandika.